Kikohozi cha Dakika ya Nne

Utepe ulifika ndani ya kopo la bati,
ukinuka siki kama achari iliyosahauliwa.
Juu ya kopo mtu ameandika kwa penseli:
Freiberg, Februari, sitini na nane.
Nyuzi, obo mbili, hapsikodi. Baridi kali.
Maneno mawili ya mwisho sikuyatilia maanani.

Kazi yangu ni kufua sauti.
Katika chumba kisicho na dirisha, mtaa wa Lindenau, Leipzig,
nafua muziki ulioandikwa na watu wenye mawigi
ukapigwa na watu wenye makoti,
nauanika kwenye skrini, natoa doa moja moja:
mkwaruzo, mvumo wa umeme, tramu
iliyokata kona nje ya kanisa ikaingia bila tiketi
katikati ya mwendo wa polepole.

Biti ishirini na nne. Kilohezi mia na tisini na mbili.
Namba hizi ni maji ya kisima kisichotibuliwa:
ukichungulia unaona hadi kokoto.
Nikasikia nta ikishika uzi.
Nikasikia ukucha wa kile kinanda ukirudi mahali pake
baada ya noti kwisha, tik,
kama mtu afungaye kabati asitake kuamsha mtoto.
Mpiga obo akavuta pumzi, nami nikavuta.
Besi zikashuka ngazi, moja, moja,
na chini, pale palipozoea kuwa na vumbi tu,
palikuwa na sakafu.

Dakika ya nne, sekunde ya kumi na moja: kikohozi.
Kidogo, kikavu, upande wa viola.
Nusu kimemezwa, nusu kimeponyoka.
Nikakizungushia mstari,
nikakifuta, nikaenda kunywa kahawa.

Barua ilikuja Machi, kwa wino wa buluu.
Roswitha Noack, miaka themanini na sita,
viola, kiti cha nyuma kabisa.

“Mjukuu wangu Jannik ameniletea hedifoni
nzito kama kofia ya zimamoto.
Fundi, umefanya ajabu. Nimesikia hata kiti changu,
kile chenye mguu mfupi, nilichokikunjia karatasi.
Nimejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza,
maana kwenye santuri viola ni chumvi,
huijui mpaka ikosekane.
Lakini Hannelore yuko wapi?
Tuligawana stendi moja na glavu jozi moja,
yeye ya kushoto, mimi ya kulia,
mpaka taa nyekundu iwake.
Alikohoa kabla ya obo kuingia.
Mwongozaji alikunja uso, ila utepe ulikuwa wa mwisho,
tukaendelea. Mvua za Aprili hakuziona.
Miaka hamsini na sita naweka sindano pale pale,
namngoja chini ya mikwaruzo.
Umenisafishia nyumba vizuri mno,
ukamzoa pamoja na takataka.”

Husemwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Mimi niliyaficha kwa kubofya mara mbili.

Nikarudi kwenye faili ghafi.
Siku hizi kufuta si kufuta, ni kusukumia uvunguni.
Nikamkuta. Safari hii nikaongeza sauti,
na kabla tu ya kikohozi nikasikia
jambo ambalo barua haikulitaja:
upinde wa jirani yake unakaza,
unapanda kidogo kuliko ilivyoandikwa,
kama mtu anayesogea hatua moja
kumkinga mwenzake upepo.

Toleo safi bado linauzwa. Wanunuzi wanasifu ukimya wake.
Bibi Noack nilimtumia sekunde nne,
bila jalada, bila malipo, kwa ubora wote tulio nao.
Faili nikaliita Hannelore.

Jioni Jannik akajibu kwa niaba yake:
amesikiliza mara kumi na moja, halafu akavua hedifoni,
akaomba shali, akasema
baridi ilikuwa kali kuliko hivyo.