Mara ya Sita

Mashine ya kutikisa ilikufa Jumanne.
Ikatoa harufu ya waya ulioungua,
na magunzi yaliyosagwa yakatulia ndani yake
kama uji uliokosa mnywaji.
Taisto akaitazama kitambo, akasema,
"Miaka kumi na tisa. Haijawahi kuninunia."
Kisha akanyoosha mkono wa kulia,
ule unaocheza wenyewe tangu kiangazi cha juzi:
"Lete mtungi, Raili. Mashine ninayo."

Nilicheka. Halafu nikaona hatanii.

Basi tukaingia sauna na nguo zetu mwilini.
Saa tisa alasiri, Kainuu, Desemba,
giza limeshafunga duka.
Maganda thelathini na nane ndani ya sufuria
niliyokuwa nikipikia jamu
(hilo bado sijalisamehe).
Maji ya moto, tone la sabuni ya vyombo,
unga wa ndimu kiasi cha ncha ya kisu.
"Usizidishe!" ananiambia mimi,
niliyeosha mikasi ya wakunga na koleo za wapasuaji
miaka thelathini, hospitali ya Kajaani.
"Ukizidisha, shaba inageuka pinki,
na shaba ya pinki imeshanyonywa nguvu."
Nasema najua.
Anasema najua kwamba unajua.
Hivyo ndivyo tunavyoongea.

Fataki zilizokwisha nilizisukuma nje asubuhi,
zikadondoka moja moja kwenye kopo la kahawa.
Sasa masizi yanaachia.
Maji yanakuwa chai, yanakuwa kahawa,
yanakuwa maji ya mtaro,
na humo humo shingo moja ya manjano inachungulia
kama mtoto aliyefichwa na shuka.

Nikamwaga, nikasuuza, nikajaza mtungi:
maganda, maji safi, sindano za chuma gao mbili.
Akaukumbatia kifuani.
Mkono ule hauwezi tena kijiko cha supu.
Kifungo cha shati kwake ni mlima.
Daktari huuambia tulia, dawa huuambia tulia,
na mimi pia, usiku, nikiushika, nimewahi kuuambia.
Leo hakuna aliyeuambia neno.
Ukatikisa.
Sauti ya mchele wa chuma ukipepetwa.
Dakika arobaini, macho kayafumba,
kijasho juu ya mdomo,
na uso ule wa zamani, wa mtu aliye kazini.

Jirani yetu Urpo hung'arisha yake mpaka ajione masharubu.
Taisto humcheka. Ganda halioshwi ili lipendeze,
linaoshwa ili liseme kweli;
chini ya masizi hata ufa una heshima.

Nikayapanga juu ya benchi, midomo chini,
joto la mawe likayakausha.
Kisha waya mwembamba, ncha imepindwa kama ndoana:
unauingiza, unaukwaruza ukutani ndani,
karibu na kitako, pale jicho halifiki.
Kazi hiyo aliipenda kuliko zote. Sasa ni yangu.
Ganda la kwanza, laini. La pili, laini.
La ishirini na sita, waya ukajikwaa.
Kijifereji. Chembamba kuliko unywele.

"Lipo?" akauliza.
Nje linang'aa kuliko wenzake wote.
"Lipo."
"Limepigwa mara ngapi?"
"Tano. Kama mengine."
Akanyamaza. Yalinunuliwa siku moja, boksi moja,
yamekula baruti ile ile,
yamemwangusha kulungu yule mkubwa wa pembe za sinia
pale nyuma ya kinamasi cha Hyrynsalmi.
Kwa nini hili na si lile,
hospitalini nilizoea kuulizwa hivyo,
na sikuwahi kuwa na jibu la kumpa mtu.

Nikachukua koleo nikaliminya, likalala bapa,
asije mtu akalijaza kwa bahati mbaya.
Thelathini na saba nikazirudisha kwenye boksi.
Juu ya kifuniko akataka aandike mwenyewe.
Ile sita yake ilitoka kama konokono aliyetishwa.
Nani atakayezipiga, hatukuulizana.

Jumapili, nikitafuta leso kabla ya kufua,
nikakuta lile lililominywa
mfukoni mwa koti lake,
limeshaanza kupata alama za vidole.
Nikalirudisha humo humo.
Koti nikalifua wiki iliyofuata.