Mkao wa Mwisho

Saa kumi na moja alfajiri, Nagpur haijapoa.
Joto la jana bado limelala kwenye saruji ya paa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Natandika shuka kuukuu la mama mkwe,
lenye doa la manjano pembeni.
Mkeka wa dukani sina.

Miezi saba sikukaa dirishani
kukata tiketi za treni ya Wardha.
Ilianza kwa kusahau chenji.
Kisha foleni ikaota meno.
Kila mkono uliopenya tundu la kioo
niliuona unakuja kunikaba.
Nikakimbilia chooni, nikakalia ndoo,
moyo ukibisha hodi kama mdai.

Daktari Bhonde aliandika maneno mawili:
sonona, wasiwasi.
Nikashangaa yalivyoenea kwenye kikaratasi.
Chini yake akaandika vidonge.
Vidonge nameza hadi leo,
nisije nikalisifia shuka peke yake.

Aliyenipandisha huku ni Pramila wa ghorofa ya pili,
mwalimu wa hesabu aliyestaafu,
goti moja bovu, sauti kavu kama chaki.
Hakuniambia nitapona.
Alisema: "Lala chali. Hesabu pumzi mpaka kumi.
Ukipotea njiani, rudi kwenye moja.
Hakuna anayesahihisha."

Nilipotea kwenye tatu.
Kesho yake, kwenye nne, nikakumbuka deni la gesi.
Siku ya sita nililia nikiwa nimeinama,
kichwa chini, makalio juu,
machozi yakashukia kwenye paji la uso
badala ya shavuni,
na hilo, sijui kwa nini, likanichekesha.
Pramila akasema tu: "Kisigino cha kushoto."

Zipo asubuhi mwili ni gunia la chumvi lililonyeshewa.
Anant, mume wangu, hunisikia nikigeuka na kugeuka.
Haniambii amka. Haniambii jikaze.
Anakwenda mlangoni, anazigeuza ndala zangu
zielekee kwenye ngazi,
kisha anarudi kulala, au kujifanya amelala.
Siku kama hizo, yoga yangu yote ndiyo hiyo:
kuvaa ndala, kupanda vidato kumi na tisa,
kukaa kwenye shuka, kushuka.
Pramila huandika kwenye daftari lake:
*Amefika.*

Nimejifunza kusimama kwa mguu mmoja,
macho yakiwa yameshika tangi la maji la jirani.
Nayumba. Wajukuu wa Pramila hunicheka.
Nimejifunza kwamba mbavu zina mlango wa nyuma,
na pumzi, ukiiachia, huufungua yenyewe.

Ila mkao wa mwisho ndio ulionipa taabu.
Tunalala chali, viganja juu, kimya.
Jina lake ni maiti.
Jina hilo nililiogopa,
maana kulikuwa na usiku nililitamani,
na sikumwambia mtu,
hata Anant, hata daktari.
Namwambia msomaji, aliye mbali.

Sasa nalala, maiti anayesikia:
kunguru wakigombea kipande cha chapati,
sufuria ya presha ya akina Wankhede ikipiga mluzi wa tatu,
bomba likikohoa kabla ya kutoa maji.
Harufu ya kitunguu inapanda ngazi.
Tumbo linanguruma.
Maiti mwenye njaa!
Huyu hazikiki leo.

Nimerudi dirishani, nusu siku tu.
Jana mtu alipiga kioo kwa funguo,
shingo ikanikaza, vidole vikafa ganzi,
nikajua yale yale yamerudi,
nikahesabu, nikapotea kwenye mbili.

Moja.

Mkono uliokuwa tunduni
ulikuwa na rangi ya ukuta chini ya kucha,
ya kijani, mbichi bado.
Ulikuwa unatetemeka kidogo, nao.
"Wardha," sauti ikasema.
Nikameza mate, nikauliza:
"Ya kwenda tu, au ya kwenda na kurudi?"