Kabla Hujaketi

Chagua kiti. Kile cha dirishani
kinakuonyesha barabara na yeyote ajaye.
Mlango, tuufunge au tuuache nusu?
Hilo ndilo swali langu la kwanza.
Yaliyokupata yatangoja,
hayana haraka kama watu wa fomu.

Mama yangu alizaliwa hasikii.
Usiku ule mlima ulipopasuka
Birere nzima ilipiga mayowe,
naye amelala, kiganja chini ya shavu.
Nilikuwa na miaka minane.
Nilimvuta bega kwa nguvu zangu zote,
akaamkia ndani ya mwanga mwekundu.
Tulipona. Cherehani yake haikupona.
Hadi leo ukimgusa kwa nyuma
anaruka kama mafuta moto yaliyodondokewa maji.
Hofu ya bega lile, mwalimu wake ni mimi.

Kwa hiyo sikugusi bila kuomba.
Nikitaka kuchukua maji nitasema: nainuka.
Mvua ikipiga mabati tunanyamaza;
si kila anayeingia hapa huisikia kama mvua.

Jana alikuja Paluku wa chukudu.
Saa nzima alitazama viatu vyangu.
Nikamwambia, leo umefanya kazi kubwa.
Akacheka kidogo, puani,
akauliza kama wiki ijayo
kiti kitakuwa palepale.

Kitakuwa palepale.
Ongea Kinande, Kihunde, Kiswahili cha sokoni,
au ongea kwa mikono,
maana mikono ndiyo lugha niliyonyonya.
Ama usiongee.
Nimezoea ukimya wenye mtu ndani.