Saa Tisa za Usiku

Daftari hili lilikuwa la viazi:
nani kakopa magunia mangapi, nani kalipa kwa sufu,
nani kaapa atalipa mvua zikirudi.
Nililigeuza, nikaanza upya kutoka nyuma
mwezi ule Eulogia alipovimba uso na vidole
akaniambia anaona nyota mchana.

Sisi wa huku juu hatutishwi na nyota,
tunalala karibu nazo kuliko wengi.
Lakini Nemesia mkunga alimfunga kipimo cha presha,
akakipuliza, akakitazama, akakipuliza tena,
kisha akasema neno moja tu:
"Sasa."

Kutoka kwetu hadi Nyumba ya Kungojea bondeni
ni saa saba kwa miguu ya mzima.
Tulishona blanketi mbili za alpaka kwenye miti miwili ya mkaratusi.
Wanne walibeba, wanne walitembea mikono mitupu
wakisubiri mabega ya wenzao yachoke.
Mimi nilishika taa na daftari.

Kila nyumba ilifungua mlango kabla hatujabisha.
Mmoja alitoa chupa ya chai, mwingine nyumbu,
mwingine noti mbili zilizokunjwa ndogo kama vidonge.
Niliandika. Nikamwandika hata aliyetoa pole,
maana hakuwa na kingine.

Mlango mmoja haukufunguka.
Teófilo.
Mwanga ulikuwepo, moshi ulikuwepo.
Sikumwandika, wala sikumkata.
Njia hiihii, mwaka wa mvua ya mawe,
alimteremsha mkewe kwa mgongo wake, peke yake,
akampandisha kwa mgongo uleule, peke yake.
Siku hizo daftari lilijua viazi tu.

Mtoto alitangulia wiki saba.
Kifafa cha mimba kilimshika mama kizingitini,
na baada ya kujifungua gari la wagonjwa likaondoka naye.
Mtoto, alisema daktari kijana, hataiweza barabara ile,
na mjini masanduku ya joto yamejaa.
Mizani ilisema kilo moja na nusu,
pungufu ya sufu ya alpaka mmoja.
Akatufundisha: kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi,
usiku na mchana, bila kumweka chini.

Nikachora ukurasa wa zamu.
Hermelinda, mwenye maziwa ya kugawana, alichukua asubuhi.
Fortunato, baba mtu, alichukua jioni, akatetemeka hadi tukamfunga shuka.
Saa tisa za usiku ilibaki nyeupe,
saa ya jalidi, ambayo hata mbwa huacha kubweka.
Siku mbili niliijaza mimi, nikisinzia, nikijifinya.

Usiku wa tatu aliingia mtu, barafu ukingoni mwa kofia.
Hakusalimu. Aliutazama ukurasa asioweza kuusoma.
"Ipi haina mtu?"
Nikamwonyesha.
Alinawa mikono hadi viwikoni, muda mrefu,
akafungua vifungo vya shati, vyote vitano.
Nikamlaza mtoto kwenye mvi za kifua chake.
Yeye akohoaye misa nzima
hakukohoa.

Aliuliza swali moja:
"Anapumua mfululizo, au husita?"
"Husita. Mguse unyayo, atakumbuka."
Aliushika unyayo ule mpaka kukapambazuka.

Eulogia alirudi siku ya kumi na tisa
akitembea kwa kushika ukuta.
Alimpokea mwanawe, hakumtazama kwanza, alimnusa:
moshi wa majiko tofauti, sabuni ya Nemesia, jasho, sufu.
"Ananuka watu," alisema,
akaketi chini hapohapo, akafungua vifungo vyake.

Nyuma ya daftari sikuchora safu ya malipo.
Kwenye saa tisa pana alama za dole gumba, kumi na sita,
moja imetawanyika kidogo, kama iliyopigwa kabla mkono haujakauka.
Mbele, deni la viazi liko palepale.
Mimi mwenyewe nadaiwa magunia mawili.