Mbichi au Baridi?

Februari, Kuhmo. Saa kumi na jua linaaga.
Shangazi Aulikki anaanua nguo nyuma ya nyumba.
Suruali zimekakamaa, zinasimama zenyewe thelujini
kama watu waliosahau walikokuwa wakienda.
Shuka limegoma kukunjwa,
linalia kwaa, kama bati.

"Saimi! Njoo uniazime vidole."
Vyake viwili, cha shahada na cha kati,
viliumwa na barafu mwaka ule wa kukata magogo;
tangu hapo vinashika, havisikii.
Akanipa soksi, moja iliyokwisha kulainika:
"Mbichi au baridi?"

Nilikuwa na miaka minane. Nikaishika, nikasita.
Mbichi, nikasema. Kisha: baridi. Kisha: sijui.
Akacheka hadi mvuke ukaifunika miwani yake.
Soksi ilikuwa kavu.

Nilikuja kuambiwa darasani, Oulu, nimeshakuwa mtu mzima,
kwamba sikuwa mjinga:
ngozi haina mlango wa maji.
Ina mlango wa baridi, ina mlango wa joto,
ina walinzi wa mguso na wa maumivu,
ila maji hayana bawabu wake.
Yakija, baridi hutoa ushahidi,
mguso huongeza wake (mtelezo ule, mgando ule),
na ubongo, hakimu asiyetoka chumbani,
ambaye hajalowa hata siku moja,
hugonga meza: Maji!

Na hakimu hukosea.
Kijiko kikavu kilicholala barazani usiku kucha
kimenidanganya mara ngapi, nikakifuta kwa aproni.

Jumamosi, kwenye sauna, benchi la juu,
tone hunishuka mgongoni, na sijui
kama ni jasho langu
au ni mvuke uliochoka ukanitua.

Tena kuna beseni. Hili nililijaribu mwenyewe:
acha maji yapoe hadi yafanane na mkono,
zamisha, fumba macho, tulia tuli.
Maji yanatoweka.
Inabaki pete nyembamba tu juu ya kifundo,
pale hewa na maji vinapogombea mpaka.
Ukitikisa kidole, yanarudi yote.

Lakini nilikuwa nasema habari za kamba.

Nguo ya mwisho ilikuwa shati la buluu,
la kiume, vifungo vikubwa,
si la mtu yeyote aliyekaa nyumba ile.
Alilifua kila mwezi. Halikuwa chafu.
Alilibandua kwa kiganja, si kwa vidole,
akalipakata lilivyo, mikono imetanuka, gumu kama ubao.

Chozi hutoka na joto la mwili.
Hupita shavuni bila kupiga hodi,
mwenye uso asijue,
hadi upepo ulipoze ndipo lisikike.
Siku hiyo hapakuwa na upepo.
Moshi wa mabomba ya jirani ulisimama wima.

Nikavua glavu, nikamgusa chini ya miwani.
Ilikuwa zamu yangu kuuliza:
"Mbichi au baridi?"

Akajigusa pale pale, kwa vile viwili visivyosikia,
akafikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyotaka.

"Baridi," akasema,
akanipa vibanio nivishike.