Saa Tisa na Robo

Gdańsk, Jumanne. Theluji ya jana imekuwa tope.
Nimelipiga pasi shati la mazishi,
ndilo pekee lililobaki na vifungo vyote,
nikalivaa, nikalivua.
Asije akadhani nimekuja kuzika.

Nyuma ya risiti ya mkate nimeandika:
usingizi
mgongo
jirani na kinanda chake.
Kisha nikaukata mgongo.
Mgongo una daktari wake.

Miaka ishirini na sita natengeneza lifti.
Nikibandika kiganja ukutani najua
kebo ipi imechoka, breki ipi inadanganya.
Watu husema tu, "Bwana Bogumił, inatetemeka,"
nami sijapata kumuuliza mtu
mbona umechelewa kuniita.

Dada yangu Halszka kapiga simu mara mbili.
"Sema lolote utakalo,
ila usianze na sijambo.
Jambo unalo."
Nikacheka. Akanyamaza hadi kicheko kikaisha.

Mbele ya kioo nafanya mazoezi:
Naitwa Bogumił, nina miaka hamsini na moja,
silali.
Hapo sauti inakwama, kama kibanda
kati ya ghorofa ya tatu na ya nne,
taa inawaka, mlango haufunguki.

Jina la Tymek halimo kwenye risiti.
Alikuwa mwanagenzi wangu. Nilimwambia shuka, ni salama.
Nilipofika T, ncha ya penseli ilivunjika,
au niliivunja.

Saa nane kasoro. Bado mapema.
Natafuta kisu jikoni,
nachonga.