Uchungu Uliokauka

Ua hilo sikulipatia jina kwa lugha yetu.
Nilipekua kamusi, nikampigia dada yangu Tunduru,
akauliza, "La njano? La dawa?"
Nikamwambia, la kuua.
"Basi liite utakavyo," akasema, na salio likakatika.

Mwezi wa saba, hapa Herefordshire,
hujaa kingo zote za barabara, njano tupu,
nyuki wamelewa,
wapita njia wakisimamisha magari walipige picha.
Sisi tunalifuata malishoni na uma wa chuma,
glavu hadi viwikoni, tunaling'oa na mzizi wake,
maana ukisahau kipande cha urefu wa kucha
mwakani utayakuta mawili.

Farasi mwenyewe hana haja nalo likiwa bichi.
Hulinusa, akakunja mdomo, akapita.
Ni chungu, na uchungu wake ni uungwana:
linabisha hodi kabla ya kuingia.
Ila likikatwa, likaanikwa,
likafungwa robota moja na majani ya kulisha kipupwe,
uchungu hutoka
sumu ikabaki.

Hilo sikulijua mwaka ule.
Mvua ilikuwa imeozesha majani ya kila mtu,
Bibi Probert akaniachia pochi,
nami nikaenda kwa Beddoes: marobota arobaini, nusu ya bei.
Rahisi huvunja upishi, mama alizoea kusema,
lakini mama alikuwa akisema habari za mchele.

Jike lile, kwenye karatasi, lilikuwa na jina la sarafu ya zamani.
Mimi nikamwita Sumni, naye akaitika.

Alianza kwa miayo.
Miayo, kama mlinzi wa zamu ya usiku.
Kisha pua yake nyeupe ikaungua na jua,
jua la huku, lisiloweza hata kukausha soksi.
Nikampaka mafuta, nikacheka: "Mzungu wee!"
Mwezi wa tatu nilimkuta amekandamiza paji la uso ukutani,
anausukuma ukuta
kama mtu aliyesahau mlango uko wapi.

Daktari wa mifugo, Rhiannon Pugh,
kijana, buti zake kubwa kumpita,
alichukua damu, akarudi siku ya pili
akashuka bila kuzima injini.
Ini, alisema. Robo tatu limekwisha.
Akaniuliza kama naelewa.
Nilitaka kumwambia: kwetu ini ndilo la kwanza kuumia,
neno baya hukata maini, msiba hukata maini,
moyo hatukuuachia kazi yote peke yake.
Nikasema tu, ndiyo, naelewa.

Bibi Probert hakunilaumu. Hapo ndipo palipouma.
Alifungua robota juu ya zege, tukapiga magoti,
tukapekua jani kwa jani
hadi akaokota kijiti cha kahawia, kichwa kimesinyaa.
Akakinusa. Akanipa.
Kilinukia kiangazi, basi.

Sumni tulimlaza Ijumaa asubuhi,
na tufaha mdomoni
ambalo hakulimaliza.

Sasa kijijini wananijua: mgonga milango.
Bibi, ondoa mayungiyungi mezani,
paka akijilamba ile chavua, figo zake hazifiki Jumapili.
Bwana, matawi ya ule mti mweusi wa kanisani
usiyatupe upande wa pili wa ukuta,
farasi hahitaji zaidi ya konzi.
Wengine hunipa chai.
Wengine huzima taa.

Jana Tegan, mjukuu, miaka sita,
alikuja mbio kutoka barabarani, mikono mitupu bila glavu,
amekumbatia shada la njano.
"La Sumni," akasema, akilitamka kama mimi.
"La kuweka pale."
Nililipokea. Nikasema ahsante, ni zuri,
na kweli lilikuwa zuri.
Kisha nikamwongoza bombani,
tukanawa, mikono yetu minne, polepole, hadi viwikoni,
yeye akiuliza kwa nini,
mimi nikitafuta pa kuanzia.